Rosina katika Kitabu cha Krapf

Wanafunzi wengi wa Kitale na Bungoma wamelisikia jina la Johann Ludwig Krapf. Hujifunza kwamba aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, na kwamba sarufi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1850. Wachache mno wamelisikia jina la mkewe, Rosina Dietrich. Tofauti hiyo haikuzuka darasani. Ilianza katika kitabu chenyewe cha safari na kazi za Krapf, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Kitabu hicho kina mengi ya kusifiwa. Lakini tukikipima kama habari ya jamaa, yaani ya mume, mke na watoto, twaona upungufu ambao yafaa msomaji autambue.

Krapf aanza na maisha yake mwenyewe. Twaambiwa kwamba alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, kijiji kilicho karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Twaambiwa hata jinsi jirani alivyompiga utotoni kwa kosa asilolitenda, akaugua miezi mingi, na katika ugonjwa huo akazama katika kusoma Biblia. Hivyo twamwona mtu akikua mbele ya macho yetu. Rosina hapewi utoto wa namna hiyo. Twamkuta mwaka 1842 anapoolewa huko Misri. Alitoka Basel, Uswisi. Lakini alilelewaje, na ni nini kilichomtia moyo wa kuvuka bahari? Juu ya mambo hayo kalamu yapita upesi.

Haki yadai tuseme pia kwamba Krapf hakuificha huzuni. Mwaka 1843, walipokuwa njiani kuingia Uhabeshi, Rosina alijifungua mtoto wa kike nyikani, kabla ya siku zake kutimia. Mtoto alipewa jina la Eneba, maana yake chozi kwa Kiamhara, wala hakuishi. Mwandishi aliyetaka kujionyesha shujaa tu angaliiruka habari hiyo.

Mwaka uliofuata walifika Mombasa, wakiwa na barua ya Sultani Said bin Sultan wa Unguja. Mwezi wa Julai 1844 Rosina alijifungua tena mtoto wa kike, naye akashikwa na homa. Alikufa tarehe 13, na baada ya muda mfupi mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Rosina alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, kama alivyoomba, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao kazi iliyowaleta wageni wale. Kurasa hizo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa zilizo bora kitabuni. Maneno ni machache, yana uzito, na hatimaye twamsikia Rosina mwenyewe akitaka jambo.

Lakini tazama yaliyofuata. Katika barua yake kwa chama kilichomtuma, Krapf alilifanya kaburi lile kuwa ishara ya kuanza kwa kazi kubwa ya Injili katika Afrika ya Mashariki. Kwa mtu aliyefiwa, faraja hiyo yaeleweka, wala si juu yetu kuidharau. Hata hivyo ishara haina utoto, haina woga, wala haina neno la kusema. Rosina aliyekuwa mtu akageuzwa alama.

Mtu aweza kujibu kwamba Krapf aliandika habari za safari, si habari za nyumba yake. Ni kweli kwa sehemu. Lakini alipochagua kuanza na utoto wake aliufungua mlango wa nyumba. Haikumpasa kumwacha mkewe kizingitini.

Wabukusu wa Bungoma wana desturi inayotupa kipimo kizuri cha kusomea kitabu kama hiki. Kijana atakaye kuoa huulizwa ukoo wa baba yake na ukoo wa mama yake pia, kwa kuwa haruhusiwi kuoa katika koo hizo. Ajuaye upande mmoja tu huhesabiwa kuwa hajajijua. Kwa kipimo hicho, kitabu cha Krapf ni nusu ya habari, ingawa ni nusu iliyoandikwa kwa bidii na kwa moyo mkweli.

Basi kisomeni kwa heshima, lakini msikisome kwa kulala. Kila mtajapo safari, ulizeni nani aliyekuwa pamoja na msafiri, na kwa nini hasemi. Nanyi mtakapoandika habari za jamaa zenu, msiishie kwa babu aliyesoma misheni au aliyekwenda vitani. Mwendeeni bibi angali hai, mkamwulize alizaliwa wapi, nani alimlea, na alitamani nini kabla hajaolewa. Andikeni majibu yake kwa maneno yake mwenyewe.