Wazazi Ndani ya Visanduku

Mwaka jana niliandika insha juu ya baba yangu. Baba ni fundi cherehani, amesoma hadi darasa la saba, na wakati wa korona alikusanya kila kipeperushi kilichogawiwa mtaani, akavitia kwenye mfuko wa nailoni na kuutundika kwenye msumari juu ya cherehani yake. Kila asubuhi alisoma kimoja kwa sauti. Kitakasa mikono alikiita "santaraiza", nami nikaona neno hilo linatosha kubeba insha nzima. Wenzangu darasani walicheka palepale nilipotaka wacheke. Nilipokwenda nyumbani likizo nikampa baba aisome. Alivaa miwani, akasoma taratibu kurasa zote nne, akanirudishia.

"Mwanangu, hakuna uongo hapa," alisema. "Ila umenifanya kichekesho."

Kisha akarudi kwenye suruali aliyokuwa anaipunguza.

Insha ile sijaichapisha. Hapa nataka kuandika juu ya Raymond Briggs, mchoraji na mwandishi wa vitabu vya katuni wa Uingereza, kwa sababu naamini kosa kama langu alilifanya naye, tena mbele ya wasomaji wengi kuliko wangu, na ilimchukua miaka 16 kulirekebisha.

Briggs alizaliwa Wimbledon, London, mwaka 1934. Mama yake, Ethel, alikuwa mtumishi katika nyumba ya matajiri kabla ya kuolewa. Baba yake, Ernest, aligawa maziwa mlango kwa mlango alfajiri. Mtoto alikuwa mmoja tu. Alifaulu kwenda shule ya sekondari ya wateule, mama akajawa na fahari, halafu akiwa na miaka 15 akaiacha na kujiunga na chuo cha sanaa pale Wimbledon. Mama aliona maisha yameharibika. Chuoni nako hakupokelewa vizuri: aliposema anataka kuchora katuni, aliangaliwa kama mtu aliyetoa tusi. Sanaa ilikuwa rangi za mafuta na turubai, mambo ya katuni yalikuwa ya magazeti ya watoto. Kwa hiyo kijana aliwasikitisha wazazi kwa kwenda kwenye sanaa, akawasikitisha wasanii kwa kupenda katuni. Alipita jeshini, akasoma Slade, chuo chenye jina kubwa, hadi mwaka 1957, kisha akaanza kuchora picha za vitabu vya watoto vilivyoandikwa na wengine. Vingine aliona ni vibovu kiasi kwamba akaamua aandike mwenyewe. Mwaka 1966 alishinda Medali ya Kate Greenaway kwa kitabu cha mashairi ya watoto chenye picha zaidi ya 800. Alifundisha uchoraji huko Brighton tangu 1961 hadi 1986, muda wote akiendelea kuchapisha.

Mwaka 1971 wazazi wake wote wawili walifariki. Mwaka 1973 mkewe, Jean, aliyekuwa anaugua skizofrenia kwa miaka mingi, alifariki kwa saratani ya damu. Mwaka huohuo wa 1973 kilitoka Father Christmas, kitabu kilichompa jina duniani.

Ukikifungua ukitarajia Baba Krismasi wa kwenye kadi, utashangaa. Huyu ni mzee anayeamshwa na saa ya mezani, analaani baridi, anakwenda chooni nje ya nyumba, anawasha moto, anachemsha chai, anawalisha wanyama wake, ndipo anatoka kazini akinung'unika kuhusu mabomba ya moshi ya watu. Njiani anakutana na mgawa maziwa naye yuko kazini gizani. Nyumba ya mzee yule ni nyumba ya wazazi wa Briggs. Ratiba yake ni ratiba ya Ernest.

Hapa ndipo katuni zilipomfaa kuliko picha moja kubwa ya ukurasa mzima. Kazi ya nyumbani ni mfululizo wa vitendo vidogo ambavyo hakuna mwandishi anayeviona vinastahili sentensi: kumimina maji, kuvua soksi, kukata mkate. Briggs alikipa kila kitendo kisanduku chake. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na visanduku zaidi ya kumi, na ndani yake hakuna kilichotokea ila mtu kujiandaa kwenda kazini. Sijui mchoraji mwingine aliyeyapa mikono ya mfanyakazi muda mrefu hivyo bila kuihubiri.

Nitapita haraka kwenye The Snowman ya 1978, ingawa ndiyo inayojulikana zaidi. Kitabu hakina neno hata moja, kimechorwa kwa penseli za rangi, na mwisho mtoto anakuta mtu wake wa theluji ameyeyuka. Basi. Watu wengi wanaikumbuka kwa filamu ya televisheni ya mwaka 1982, na filamu ndiyo iliyomwingiza Baba Krismasi, kitabuni hayumo. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi watu walivyokuwa wakimwongezea Briggs sukari. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha pale kwenye kofia na skafu juu ya kirundo cha theluji.

Sasa nifike kwenye kosa. When the Wind Blows ilitoka mwaka 1982, miaka miwili tangu serikali ya Uingereza ilipochapisha kijitabu kilichoitwa Protect and Survive, chenye maelekezo ya jinsi raia watakavyojikinga na bomu la nyuklia ndani ya nyumba zao. Katika hadithi ya Briggs, mzee mstaafu aitwaye Jim Bloggs anachukua vijitabu vya namna hiyo maktaba, anarudi nyumbani kwa mkewe Hilda na kuanza kutekeleza. Anang'oa milango na kuiegemeza ukutani kwa pembe ile iliyoelekezwa. Anapaka madirisha rangi nyeupe. Hilda ana wasiwasi na mito yake isichafuke, na tahadhari inapotangazwa redioni anafikiria keki iliyo kwenye oveni. Kila baada ya kurasa kadhaa visanduku vidogo vya nyumba vinakatizwa na picha moja ya giza iliyojaa kurasa mbili: kombora, ndege, nyambizi. Halafu bomu linaanguka na ukurasa unabaki mweupe karibu wote.

Wanapona mlipuko, na hapo ndipo pabaya. Jim na Hilda wanashangaa maziwa hayajaletwa. Maji hayatoki. Wanasubiri serikali ije. Ufizi unatoka damu, nywele zinanyofoka, nao wanajipa sababu za kawaida za kila dalili. Rangi za kitabu zinafifia ukurasa kwa ukurasa. Mwisho wanaingia kwenye magunia ya viazi, wanatambaa chini ya milango yao na kujaribu kusali, na Jim hakumbuki sala vizuri.

Ni kitabu kikubwa na sitaki kujifanya sikuguswa. Nilikisoma usiku mmoja na sikulala vizuri. Lakini nilipokirudia nikiwa na maneno ya baba kichwani, niliona kitu ambacho mara ya kwanza kilinipita. Karibu kila kicheko kinatokana na Jim kutojua. Maneno makubwa ya kisayansi na ya kiserikali yanamteleza mdomoni. Anachanganya vita hii na ile ya ujana wake. Hilda hajui hata hayo. Kati yao hakuna anayejua zaidi ya mwenzake, kwa hiyo hakuna wa kumjibu mwingine. Anayejua ni msomaji peke yake, amekaa juu ya kisanduku akiwatazama. Hasira ya Briggs ilikuwa juu ya waliochapisha vijitabu, hilo halina shaka. Ila wao hawamo kitabuni. Aliyemo ni mzee anayewaamini, na ndiye tunayemcheka hadi anapoanza kufa, ndipo tunaona aibu. Aibu hiyo bila shaka ilikusudiwa. Bado najiuliza ni nani alilipia.

Nilimsimulia rafiki yangu hoja hii, akaipinga. Alisema imani ya Jim ndiyo hoja yenyewe: serikali inawaua kwanza wale wanaoitii. Kweli. Nakubali pia kwamba mtu mjanja, anayejua mionzi ni nini, angekufa vilevile lakini bila hadithi. Labda maudhui ya bomu hayakumwachia mchoraji nafasi ya kuwapa watu wake siku nyingi za kukosea na kujirekebisha. Siku zao zilikuwa chache.

(Kitabu kilichofuata, cha mwaka 1984, kuhusu Vita vya Falklands, kinaonyesha jinsi alivyokuwa akihangaika na tatizo hili. Watawala wa pande mbili amewachora kama majitu ya chuma yenye rangi kali, na askari waliokufa na kujeruhiwa kwa penseli ya kijivu, taratibu, kwa upole. Majitu yale yananichosha. Zile kurasa za kijivu ningezitundika ukutani.)

Ethel & Ernest kilitoka mwaka 1998. Majina sasa ni ya kweli. Kinaanza mwaka 1928: Ethel anakung'uta kitambaa cha vumbi dirishani kwa tajiri wake, kijana anapita na baiskeli, anadhani amepungiwa mkono, naye anapunga. Kinaishia mwaka 1971 wakiwa wamekufa wote. Katikati kuna nyumba moja waliyoinunua kwa mkopo wa miaka 25, na kila kitu kilichoingia ndani yake: bafu, redio, handaki la mabati bustanini, televisheni, simu, gari.

Mtu angeweza kusema ujanja ni uleule. Ernest anasoma gazeti kuhusu Hitler na Ethel anatoa maoni yake, nasi tunajua kinachokuja. Ethel anajiona si wa tabaka la vibarua, Ernest ni mtu wa chama cha Labour na anajivunia ukibarua wake, na kicheko kingi kinatoka hapo. Lakini sasa kuna anayejibu. Mmoja akijikweza, mwenzake anamtania. Anayecheka kwanza yumo ndani ya kisanduku, mezani, na kikombe cha chai mkononi. Na wakati wa vita Ernest, aliyejitolea zimamoto, anarudi nyumbani kutoka kwenye moto wa bandarini na kulia mbele ya mkewe. Ukurasa ule unamfanya awe anajua kitu ambacho mimi msomaji sikijui na sitakijua.

Zaidi ya hapo, mchoraji amejiweka. Raymond yumo: mtoto aliyepelekwa mashambani kukimbia mabomu, mwanafunzi anayetangaza sanaa kwa wazazi wasioelewa atakula nini, kijana mwenye nywele ndefu ambaye mama anamtaka azichane hata akiwa mtu mzima mwenye kazi. Amejichora akiwa na haraka, akijibu kwa mkato, akiwa na elimu waliyomlipia na ambayo sasa inamtenga nao. Hajajipendelea hata kidogo. Katika When the Wind Blows, Jim na Hilda nao wana mtoto wa kiume, lakini yuko mbali, hatumwoni. Miaka 16 baadaye mtoto huyo ameingia chumbani akakaa.

Kurasa za hospitali ni fupi kuliko nilivyozikumbuka. Ethel amechanganyikiwa akili. Ernest amekuja kumtazama, na alipoondoka Ethel anamwuliza mwanawe yule mzee alikuwa nani. Briggs hakuongeza neno la kueleza. Kisha anamchora mama yake maiti, mdomo wazi, juu ya kitanda cha magurudumu, kwa mistari ileile laini aliyomchorea akikung'uta kitambaa dirishani. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza. Nilijiuliza kama ana haki. Mimi ningemchora baba hivyo? Sina jibu la jumla, ila naona kwa nini yeye aliweza: kabla ya kufika hapo alikuwa amempa mama yake miaka 43 ya kisanduku kwa kisanduku, akiwa na haki ya kukosea, kukasirika, kujivuna, kucheka, na kumcheka mwanawe.

Insha yangu nimeifungua tena. Vile vipeperushi bado vimo, na "santaraiza" nimeiacha, kwa maana ndivyo alivyosema. Nilichokuwa nimekiondoa, na nilikiondoa kwa sababu kiliharibu mdundo wa kichekesho, ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi, namrekodi kwa siri ili niwachekeshe wenzangu, na kwamba baba alikuwa anasoma kwa sauti kwa sababu jirani yetu mzee, ambaye hakuwahi kwenda shule, alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja akimsikiliza. Nimemwongeza jirani. Sasa najaribu kujiongeza mimi.