Shekeli moja ni momme ngapi? Uhakiki wa tablo inayojua kupita kiasi

Wenzangu wa promosheni, na bandugu mungali ku auditoire,

Juzi mdogo wangu mmoja alinitumia picha ya tablo ya kubadilisha vipimo. Ilisema hivi: shekeli 1 ya Waebrania wa zamani = momme 3,0213333 za Wajapani. Akaniuliza: « Yaya, hii iko kweli? » Nilicheka. Kisha nilipatwa na haya, na mwishoni nitawaambia sababu yake.

Nianze na mazuri ya tablo. Ndani ya kila upande, hesabu imesimama vizuri. Upande wa Waebrania, Kutoka 30 inasema shekeli ya mahali patakatifu ni gera 20, na nusu yake inaitwa beka. Talanta tunaipata katika Kutoka 38: wanaume 603 550, kila mmoja anatoa nusu shekeli, jumla shekeli 301 775, na kitabu kinaziandika kuwa talanta 100 na shekeli 1 775. Toa, gawa: talanta moja ni shekeli 3 000. Upande wa Japani, fun 10 ni momme 1, momme 160 ni kin 1, momme 1 000 ni kan 1. Hapo tablo haina kosa.

Kosa linaanza pale inapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Daraja lake ni gramu: shekeli gramu 11,33, momme gramu 3,75, gawa, basi. Lakini hizo namba mbili hazina uzito mmoja wa ukweli.

Momme njo yenye kuwa na cheti. Zamani ilitokana na uzito wa sarafu ya shaba ya Uchina, ile ya enzi ya Tang, ambayo kumi zake zilifanya ryo moja. Japani iliingia katika Mkataba wa Mita mwaka 1885, na sheria ya 1891 ikafunga kan kwenye kilo: kan 1 ni kilo 3,75 kamili. Kwa hiyo momme 1 ni gramu 3,75, bila « karibu ». Hata leo sarafu ya yen 5 ina uzito huohuo, na wauzaji wa lulu wangali wanapima kwa momme.

Shekeli nayo haina sheria ya 1891. Iko na mawe. Katika udongo wa Yuda, Yerusalemu na Lakishi kwa mfano, walichimbua mawe madogo ya kupimia, mviringo juu na bapa chini, ya karne ya 8 na ya 7 mbele ya Kristo. Wakayapima, wakapata wastani wa gramu 11,3 hivi. Jiwe moja liko juu kidogo, lingine chini kidogo. Hiyo 11,33 ni wastani tu wa mawe yaliyolala ardhini zaidi ya miaka 2 500. Tena ni ya wakati ule. Katika siku za Yesu, kodi ya hekalu ililipwa kwa shekeli ya fedha ya Tiro, yenye gramu 14 hivi. Hiyo inakuwa karibu momme 3,7. Sasa tablo inasema shekeli gani? Inanyamaza.

Mane ni mbaya zaidi. Tablo nyingi zinaandika shekeli 50. Lakini Ezekieli 45:12, katika maandiko ya Kiebrania, anajumlisha 20 na 25 na 15: ni 60. Kwa 50, mane ni momme 151 hivi. Kwa 60, ni momme 181. Ona basi: hatujui kama tuongeze momme 30 ao tuziache, lakini mtu anatupatia tarakimu saba kiisha koma!

Kuna kitu kingine tablo inaficha, na mimi naona ndicho kitamu kuliko vyote. Shekeli na momme zilifanya kazi moja: zote zilipima fedha ya kulipia. Abrahamu anapima shekeli 400 za fedha kwa kununua shamba la Makpela. Wafanyabiashara wa Osaka, wakati wa Edo, walihesabu bei kwa momme za fedha. Hao batu wawili wangekutana sokoni, wangeelewana haraka: kila mmoja angetoa mizani yake. Jibu la kweli lingekuwa fupi: shekeli moja, karibu momme tatu. Beka, momme moja na nusu. Talanta, karibu kan tisa. Linatosha, na halidanganyi.

Sasa ile haya yangu. Kwa kazi yangu ya mwisho wa licence, nilipima mavuno ya maharagwe kwa kopo ya guigoz, ile ya sokoni. Nilipima kopo moja ku balanse, mara moja tu, kisha nikazidisha. Nikaandika: kilo 1 243,687 kwa hekta. Mwalimu mmoja wa jury akauliza kwa upole: « Hizo gramu 687, ulizipima na nini? » Sikuwa na jibu. Mashine ya hesabu njo ilizizaa, mimi nikazibatiza.

Tablo ya shekeli haiui mtu. Lakini sisi maagronome tunapeleka namba kwa mkulima, naye anaamua auze magunia mangapi na aachie watoto mangapi. Akiona koma na tarakimu tatu, anafikiri tunajua. Usahihi wa jibu hauwezi kupita usahihi wa kipimo kibovu kuliko vyote ulichotumia.

Mdogo wangu nilimjibu: iko kweli mpaka kwenye tatu. Zile zingine zote, futa.