Paa wa Sultani Darai

Ndugu msomaji, huenda nawe u katika wale wasemao kwamba ngano za wazee hazichezewi, na anayezigeuza huwapoteza watoto. Soma kwanza haya, kisha uhukumu.

Nilikuwa mgeni Msangeni, milimani Upare. Baada ya Isha baridi ilikuwa kali, na watoto wamemzunguka bibi yao jikoni. "Paukwa!" "Pakawa!" Ngano yenyewe ilikuwa ya huku kwetu pwani: ya maskini aliyekuwa akichakura jaani kama kuku, akaokota thumuni, akanunua paa. Paa yule, kwa ulimi na werevu wake, akamwita bwana wake Sultani Darai, akamwozesha binti wa mfalme, akamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana apate jumba. Edward Steere aliipata Unguja, akaichapa katika kitabu chake cha mwaka 1870.

Bibi hakuisimulia kama ilivyo kitabuni. Paa wake alipanda basi, akabishana na utingo juu ya nauli! Watoto walicheka hata wakalaliana. Je, pana ubaya? La hasha. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alimtania mtoto Abu Umayr kwa kumwuliza habari za kijidege chake. Mzaha na mtoto ni katika mapenzi.

Wala kugeuza ngano si jambo geni. Mwaka 1697 Mfaransa Charles Perrault alichapisha kisa cha paka mwenye viatu, ambaye naye humtajirisha bwana wake kwa hila. Huko paka huishia kuwa mkubwa mwenye cheo, na wote hustarehe. Kwetu, paa anapougua, Darai huamuru apikiwe uji wa mtama tu, basi. Paa hufa kwa uchungu, na Darai huamka akajikuta jaani, anachakura kama zamani. Visa ni ndugu, lakini hukumu ni mbali mbali. Chetu chafundisha kwamba asiyeshukuru hunyang'anywa.

Hapa ndipo ninapomlaumu bibi yule, kwa heshima zake. Alipofika kwenye uji, mdogo wao alianza kulia. Bibi akafanya haraka: paa akapona, Darai akabaki jumbani, wote wakala pilau. Akaniambia, "Mwanangu, mtoto hulala na alichokisikia."

Ni kweli. Lakini binti mkubwa, wa miaka kama tisa, aliuliza, "Bibi, na Darai hakuomba radhi?"

Bibi alinyamaza, akasukuma kuni motoni.

Basi msomaji, kosa halikuwa kumponya paa. Mponye, ikiwa mtoto wako ni mdogo na machozi yake yako karibu. Mpandishe basi, mvishe kofia, mpe sauti ya jirani. Lakini usimwache Darai ale pilau bila ya kupiga magoti mbele ya yule aliyemtoa jaani. Mtoto aliyesikia kwamba mtu aweza kumtupa mfadhili wake na bado akakaa jumbani, huyo naye amelala na alichokisikia. Na kesho wewe ndiwe utakayeugua, na yeye ndiye atakayeulizwa, "Tumpikie nini mzee?"

Usiku wa pili watoto waliitaka ngano ile ile. Safari hii bibi alimpeleka Darai mwenyewe jikoni, na bakuli la maziwa mkononi. Mdogo hakulia.