Vitabu vya Uchawi na Jina la Mtakatifu

Huku Basoko twasikia mara nyingi habari za vitabu vya uchawi vitokavyo Ulaya. Eti fulani alitajirika kwa kitabu. Fulani alirukwa na akili kwa kukifungua tu. Wengi huvitaja, wachache huvisoma. Kwa hiyo tumeona yafaa kupima kimoja, kiitwacho Petit Albert, pamoja na mwenzake Grand Albert.

Kwanza tutazame jina. Mtakatifu Alberto Mkuu alikuwa mtawa Mdominiko, mwalimu wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Alifariki mwaka 1280, na mwaka 1931 Papa Pio XI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Kweli aliandika juu ya mawe, mimea na wanyama. Lakini vitabu hivi viwili si vyake. Watu wengine walijificha nyuma ya jina lake ili wapate wanunuzi. Katika karne ya 18 wachuuzi walivitembeza vijijini Ufaransa. Basi uongo waanza kwenye jalada.

Na ndani je? Maelezo ya kutengeneza manukato yamechanganywa na ndoto za hazina. Mna mkono uliokaushwa wa mtu aliyenyongwa, ambao eti huwagandisha wenye nyumba mwizi aingiapo. Mna na ukanda wa mguuni wa kumwendesha msafiri mbio bila kuchoka. Kama ungefaa kitu, nani Basoko angekaa ukingoni mwa mto kungoja boti ya Kisangani?

Je, ni dhambi kukusanya vitabu hivi? Yatupasa kutofautisha. Chuo Kikuu cha London chatunza maktaba ya Harry Price, aliyefariki mwaka 1948, yenye maelfu ya vitabu vya uchawi na mazingaombwe. Wataalamu huvisoma wapate kujua hofu na tamaa za watu wa kale. Hiyo ni elimu. Bali anunuaye kwa siri ili apate mali, au amdhuru jirani, huyo akosa, hata kama kitabu hakina nguvu yoyote. Katekisimu ya Kanisa, namba 2117, yakataza matendo yote ya uchawi, hasa yakikusudia kumdhuru mtu.

Lakini kuna kosa la pili, nalo ni letu. Mtu akikutwa na kitabu cha namna hii, twamwita mchawi, na mara mawe yaokotwa. Tusome Matendo ya Mitume 19:19. Waamini wa Efeso walileta vitabu vyao wenyewe wakavichoma, navyo vilikuwa na thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Hakuna aliyevunja mlango wa jirani. Vilichomwa vitabu, hawakuchomwa watu.

Basi ukimjua mwenye kitabu hiki, usipige kelele. Mwendee, keti naye, kisomeni pamoja mchana kweupe. Tunaamini ataona mwenyewe alivyodanganywa. Nawe pia utaacha kumwogopa.