Manyoni hadi Singida: pendekezo la njia mpya ya simuleta ya treni

Mtanzania anayetaka kuingiza reli ya nyumbani kwenye simuleta ya treni huvutwa kwanza na Mchongoko: treni ya umeme wa kilovolti 25 inayokwenda kilomita 160 kwa saa kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ni chaguo zuri. Hata hivyo njia ya simuleta hupimwa kwa kazi inayompa dereva, na kwa kipimo hicho ningetanguliza tawi la Manyoni–Singida, kilomita 115 za reli ya zamani yenye upana wa mita moja. Tena ningelipendekeza kama njia ya abiria wa kila siku, treni inayobeba walimu, wachuuzi na wagonjwa alfajiri na kuwarudisha jioni.

Treni ya namna hiyo haipo Singida leo, na pendekezo liseme hivyo waziwazi. Reli yenyewe ina historia. Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni mwanzoni mwa miaka ya 1930, likapita Singida na kufika Kinyangiri, katika nchi ya Wanyiramba. Katika miaka ya 1940 liling'olewa. Tawi la sasa, linaloishia Singida mjini, lilijengwa baada ya uhuru, kuanzia miaka ya 1980. Kwa hiyo anayeliweka kwenye kompyuta anashughulikia reli iliyowekwa mara mbili, na asipochunguza vizuri atachanganya tuta la zamani na la sasa.

Je, reli iliyojengwa kwa ajili ya mazao inaweza kubeba abiria wa kila siku? Dar es Salaam ilijibu swali hilo Oktoba 2012, ilipoanza treni ambayo watu waliiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Haikujengewa reli mpya. Ilitumia njia zilizokuwapo, ile ya kati kuelekea Ubungo Maziwa na ile ya TAZARA kuelekea Mwakanga, ikakazania saa za asubuhi na jioni. Huko Wales mabonde ya Rhondda yalipitia hali inayofanana na hiyo: reli zilizochimbiwa njia ili kuteremsha makaa ya mawe hadi bandarini zilibaki na abiria baada ya migodi kufungwa. Kwa miaka mingi ratiba nzima ya juu ya mji wa Porth ilitegemea sehemu moja tu ya kupishana, kituo cha Ystrad Rhondda. Anayepanga njia ya Singida akitafakari hilo, nusu ya kazi yake imekwisha, kwa sababu Manyoni–Singida nayo ni njia moja, na kwenye njia moja mahali pa kupishana ndipo panapoamua kila kitu.

Tufanye hesabu. Chukua wastani wa kilomita 40 kwa saa, vituo vikiwa ndani yake. Safari nzima inakula karibu saa 3. Sasa weka njia ya kupishania kilomita 40 kutoka Singida, upande wa Ikungi. Treni inayotoka Singida saa 11 alfajiri itafika hapo saa 12. Ile ya Manyoni ina kilomita 75 mbele yake, karibu saa 1 na dakika 52, hivyo lazima iondoke saa 10 na dakika 8. Hakuna mfanyakazi wa Manyoni atakayefurahia kuamka saa hizo ili apande treni ya saa 10. Ukihamishia kupishana katikati, kilomita 57 na nusu kila upande, treni zote mbili zinaweza kuondoka saa 11, lakini sasa mtu wa Ikungi anayekwenda Singida mjini hana treni ya mapema inayomfaa. Huu ndio uamuzi wa kweli wa njia ya abiria, na mapendekezo mengi huuruka yakakimbilia picha za vichwa vya treni.

Mimi ningechagua kilomita 40. Ningeweka treni fupi ya Singida–Ikungi kwenda na kurudi asubuhi, na treni moja tu ya safari nzima ikiifuata. Dereva wa simuleta apewe zamu halisi: afike kwenye njia ya kupishania, asubiri, stesheni masta amruhusu, aondoke. Akichelewa dakika 20, mwenzake achelewe dakika 20 vilevile, na kompyuta isimsamehe.

Ardhi ndiyo kazi ngumu inayofuata. Manyoni iko takribani mita 1,250 juu ya usawa wa bahari, Singida takribani 1,500. Kupanda mita 250 ndani ya kilomita 115 ni kama mita 2 na kidogo kwa kila kilomita, mwinuko mpole sana ukilinganisha na ule wa reli ya kati kutoka Saranda, inakopanda ukuta wa Bonde la Ufa kuja Manyoni. Watengenezaji wengi huchota vimo vya ardhi kutoka kwenye vipimo vya rada vya chombo cha anga Endeavour, vilivyochukuliwa Februari 2000. Nukta zake ziko mita 30 kutoka moja hadi nyingine. Nukta mbili jirani zikitofautiana kimakosa kwa mita 5, reli itaonekana kupanda kwa asilimia 17, na hakuna treni ya kawaida inayoweza kupanda hapo. Rada hiyo pia haikufika chini kila mahali. Penye vichaka vizito, kama vile vya ukanda wa Itigi na Manyoni, ilipima sehemu ya majani. Tuta lenye upana wa mita chache linapotea kabisa. Kwa hiyo mstari wa reli uchorwe kwanza kwa picha za setilaiti, mwinuko ulainishwe kwa mkono, kisha ardhi ndiyo ivutwe ifuate reli. Ukifanya kinyume chake utakuwa na treni inayoruka kama mtumbwi kwenye mawimbi.

Kwa wanaotumia Open Rails, programu ya bure iliyorithi mfumo wa simuleta ya Microsoft ya mwaka 2001, ardhi hukatwa katika vipande vya mita 2,048 kila upande. Kilomita 115 zinahitaji vipande visivyopungua 57 hata kama reli ingenyooka kama rula, nayo hainyooki. Mtu mmoja anaweza kuvimaliza akijizuia. Maelezo mengi ayatunze kwa ajili ya Singida mjini: maziwa ya Singidani na Kindai, majabali makubwa yanayokaa kati ya nyumba, mashamba ya alizeti pembeni.

Mwanga nao una kanuni yake, na hapa simuleta za Ulaya hukosea zikiachwa zilivyo. Singida iko magharibi ya mstari wa longitudo ambao saa yetu imefungwa nao, kwa hiyo jua huchelewa. Mwezi Julai huchomoza karibu saa 1 kasoro dakika 10 asubuhi. Treni ya saa 11 alfajiri itakwenda gizani kwa karibu saa moja na nusu, taa ya kichwa ikiwa ndiyo mwanga pekee kati ya kituo na kituo. Badala ya misimu minne inayotarajiwa na programu, tengeneza miwili: ardhi nyekundu kavu kuanzia Mei, na kijani cha mvua kuanzia Desemba. Theluji ifutwe.

Kwa vyombo, inatosha kichwa cha dizeli cha daraja la 88, kilichotengenezwa Montreal na kununuliwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na mabehewa matano. Kichwa kimoja kina maana kwamba kila mwisho wa safari lazima kizungushwe upande wa pili wa mabehewa, na dakika hizo ziingie kwenye ratiba.

Sababu ya kuitaka njia hii sasa iko Manyoni. Kipande cha reli ya kisasa cha Makutupora–Tabora, ambacho mkataba wake ulisainiwa mwaka 2021, kinapita Manyoni na Itigi. Upana wa reli hiyo ni milimita 1,435 na wa tawi la Singida ni 1,000, kwa hiyo behewa haliwezi kuvuka. Abiria ndiye atakayevuka, na mizigo yake. Singida haimo kwenye mstari huo. Mkazi wake atafikia treni ya umeme kwa basi, au kwa tawi hili endapo litapewa treni. Simuleta inaweza kuonyesha, dakika kwa dakika, ratiba gani ya Singida ingemfikisha Manyoni kwa wakati, na hilo mtu wa kawaida ataliona kwenye kioo upesi kuliko kwenye jedwali la mhandisi.

Anayeanza ajenge kwanza kilomita 40 za upande wa Singida, pamoja na njia ile ya kupishania. Aendeshe treni mbili, moja aicheleweshe makusudi. Ratiba ikihimili hapo, aendelee na kilomita 75 za kwenda Manyoni.