Uhai, Maisha na Uzima: Neno Moja la Biolojia na Taabu ya Mfasiri

Toka kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, tunakofundisha Kiswahili, hadi Chiromo, inakofundishwa biolojia, ni mwendo mfupi kwa miguu. Lakini istilahi huchelewa njiani. Juzi tuliombwa kusahihisha rasimu ya tafsiri ya somo la biolojia. Mfasiri, ambaye hatutamtaja, alikuwa amelifasiri neno moja la Kiingereza kwa “maisha” kila lilipotokea. “Mbegu kavu ina maisha,” aliandika.

Mkulima wa Dagoretti aliyehifadhi mahindi akingojea mvua asingesema hivyo. Kwake mbegu ile ina uhai, ila maisha yake hayajaanza. Nayo ikiliwa na dumuzi, si nzima tena, hata kama uhai haujaitoka. Punje moja, maneno matatu. Uhai ni hali ya kuwa hai. Maisha ni muda na mwenendo wa kilicho hai. Uzima ni kutopungukiwa. Kwa hiyo “mzunguko wa maisha ya mbu”, tangu yai na kiluwiluwi hata kupata mabawa, ni sahihi kabisa. Lakini kitabu cha Schrödinger cha 1944 kikiitwa Maisha ni Nini? badala ya Uhai ni Nini?, msomaji atatazamia mawaidha. (Twakiri kuwa magazeti husema mtu “amepoteza maisha”. Lugha ya kila siku haidai usahihi huo, sayansi yaudai.)

Jambo hili lina uzito. Ibara ya 26 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yasema kuwa maisha ya mtu huanza mimba inapotungwa. Mfasiri akiandika “uhai huanza”, mwanabiolojia atapinga papo hapo: yai lilikuwa hai, na mbegu ya kiume ilikuwa hai, uhai hapo hauanzi, hupokezwa. “Maisha ya mtu” ni dai jingine, la wanasheria na wanadini kujadiliana. Mfasiri hana ruhusa ya kuwakatia shauri kwa kuteleza kalamu.

Rasimu tuliirudisha imesahihishwa, isipokuwa mahali pamoja. Kirusi nje ya seli hakijilishi wala hakizaani. Ni vigumu kukiita hai. Wala si kifu, kwani kifu ni kilichopata kuwa hai. Hapo tuliacha alama ya kuuliza pambizoni.