Chaneli za Wi-Fi Tunduma: Pima Usiku, Kisha Panga

Tunduma na Nakonde zimegawanywa na mpaka, lakini maduka, nyumba za wageni na ofisi za mawakala wa forodha zimebanana kiasi kwamba ruta iliyoko Zambia inaweza kusomeka chumbani upande wa Tanzania. Vwawa, au vijiji vya kahawa vya Mbozi, fundi anaweza kuchagua chaneli kwa kukisia na mambo yakaenda. Tunduma hapana.

Nyumba moja ya wageni karibu na barabara ya TANZAM inaonyesha kwa nini. Ina ghorofa mbili, ruta tatu na bando la kutosha, ila kila jioni madereva wa malori wakishajaa vyumbani mtandao ulikuwa unakatakata. Lawama zilikwenda kwa mtoa huduma, kumbe ruta zote tatu zilikuwa zimeachwa zijichagulie chaneli, na zote ziliangukia 6.

Masafa ya gigahezi 2.4 yana upana wa megahezi 83.5 tu. Kutoka chaneli moja hadi inayofuata ni megahezi 5, ilhali Wi-Fi huhitaji angalau megahezi 20 ili ifanye kazi. Ndiyo maana mafundi hushika 1, 6 na 11, ambazo hazigusani. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu, kama malori kwenye foleni ya forodha: zinachelewa, lakini zinapita. Anayekimbilia chaneli 3 akidhani ameukwepa msongamano anaharibu zaidi, kwa sababu 3 inaingia ndani ya 1 na ndani ya 6 pia. Hapo hakuna kupeana zamu. Ni kelele tupu, na kilichotumwa hutumwa upya.

Katika nyumba ile ya wageni, vipimo vilichukuliwa usiku, vyumba vikiwa na watu, kwa programu ya simu. Wengi hapo huhesabu majina ya mitandao, na hesabu hiyo hupotosha. Majirani watano wanaosomeka -88 dBm hawasumbui kama mmoja anayesomeka -50, kwani kila desibeli 10 ni nguvu mara 10. Upande wa mbele, unaotazama mpaka, 11 ilikuwa na jirani mwenye nguvu. Ruta ya mbele ikapewa 1, ya nyuma 11, ya ghorofani 6.

Upana ukashushwa kutoka megahezi 40 hadi 20. Nguvu ya kurusha nayo ikapunguzwa, jambo ambalo wenye nyumba hulipinga sana. Lakini simu haina nguvu ya ruta: huiona ruta ya mbali vizuri, ikaing'ang'ania, huku mawimbi yake yenyewe yakifika kwa shida.

Gigahezi 5 iliwashwa kwa simu zinazoimudu, ingawa haipenyi vizuri kuta za tofali. Chaneli 52 hadi 144 zina sharti: ruta isikilize kwanza, na ihame ikisikia rada. Msimbo wa nchi uliwekwa TZ. Kuweka wa Marekani ili kupata nguvu zaidi ni kosa. Masafa nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Mwenye nyumba ya wageni au duka Tunduma, kabla hujanunua bando kubwa zaidi, mwite fundi apime usiku, azifunge chaneli zisijibadilishe umeme ukikatika na kurudi, na akuandikie kwenye daftari kila ruta iko chaneli gani.